Gari kuukuu likigoma kuwaka, mgonjwa naye anasubiri

Betri, ethi na nyaya za Land Rover ya zamani ni vitu ambavyo familia inaweza kuvikagua yenyewe, ilimradi ijue pa kuishia na pa kumwachia fundi.

Katika vijiji vya uwanda wa Makonde, kuanzia Mnyambe na Kitangari wilayani Newala hadi kwenye barabara zinazoteremka kuelekea Masasi, gari la zamani bado ni gari la kazi. Land Rover zilizotoka kiwandani Uingereza miaka ya 1960, 1970 na 1980 hubeba korosho, saruji, madumu ya maji, wafiwa na wagonjwa. Ulaya gari la umri huo hutolewa nje Jumapili, likapigwa picha, likarudishwa bandani. Newala linatakiwa kuwaka saa nane za usiku.

Hapo ndipo tatizo la umeme wa gari linapokuwa tatizo la afya. Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia machelewo matatu yanayoua mama na mtoto mchanga: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ufunguo ukizungushwa na gari likajibu kwa mlio mdogo wa "tik", familia imeingia katika chelewo la pili. Kwa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua, saa chache tu zinatosha kumaliza maisha. Mtoto mwenye degedege la malaria kali naye hana muda wa kusubiri fundi aamke.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya magari ya zamani yanayogoma hayana ugonjwa wa injini. Yana betri dhaifu, kichwa cha betri kilichoota ukungu wa asidi, au waya uliolegea. Mambo haya hukaguliwa mchana kwa spana, msasa na macho. Yakiachwa mpaka usiku wa dharura, ndipo watu huanza kubahatisha, na kubahatisha kwenye gari kuna majeraha yake.

Sikiliza kwanza, washa taa

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha gia iko huru na hendibreki imevutwa. Washa taa kubwa za mbele, mtu mmoja asimame pembeni akiziangalia, wala si mbele ya gari. Kisha zungusha ufunguo. Taa zitakueleza mengi.

Taa zikiwa hafifu tangu mwanzo na zikazidi kufifia unapopiga stata, betri imeishiwa nguvu. Gari linahitaji betri kuchajiwa au kubustiwa, na baadaye fundi achunguze kama alteneta, au dainamo kwa magari ya zamani zaidi, inachaji.

Taa zikiwaka vizuri, kisha zikazima kabisa unapopiga stata na kurudi baada ya kuachia, mara nyingi kuna mguso mbaya kwenye vichwa vya betri au kwenye waya wa ethi. Umeme mdogo wa taa unapita, lakini ule mwingi wa stata unakwama.

Taa zikibaki na mwanga uleule na stata ikawa kimya, umeme haufiki kwenye stata. Chunguza swichi ya ufunguo, waya mdogo unaokwenda kwenye solenoidi, au solenoidi yenyewe. Ukisikia "tik" moja nzito na stata haizunguki, huenda stata imekwama au imechoka.

Stata ikizungusha injini kwa nguvu lakini injini haishiki moto, iache betri. Tatizo liko kwenye mafuta, au kwenye cheche kwa gari la petroli, au kwenye plagi za kupashia joto kwa gari la dizeli.

Jaribio hili halizidi dakika moja, na linafaa kufundishwa kila mtu mzima wa nyumba, akiwamo yule asiyeendesha. Atakayeweza kumwambia fundi kwa simu kwamba taa zinazima kabisa ninapopiga stata, atakuwa amempunguzia nusu ya kazi.

Betri na ethi

Maji ya bomba ya uwanda wa Makonde husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Bomba likiziba kidogo, bado unaweza kujaza kikombe, lakini huwezi kujaza pipa kwa haraka. Umeme wa gari uko hivyohivyo. Taa moja kubwa hutumia ampea chache. Stata huvuta zaidi ya ampea 100, na kwenye injini ya dizeli inaweza kupita 200. Kutu kidogo tu kwenye kichwa cha betri, ambayo taa haziijali, inatosha kuinyima stata chakula chake.

Anza na vichwa viwili vya betri. Ukiona unga mweupe au wa rangi ya kijani na buluu, hiyo ni chumvi iliyotokana na asidi, na inaweza kuwa na madini ya risasi. Usiipulize kwa mdomo wala usiipanguse kwa kidole. Zima kila kitu. Fungua kwanza upande ulioungwa kwenye bodi, kisha ule mwingine. Mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka chuma king'ae, kausha, kaza, kisha paka grisi au mafuta mazito ya mgando juu. Unaporudisha, waya wa bodi ndio uwe wa mwisho. Sababu ni rahisi: ukiufungua mwanzo na kuufunga mwisho, spana ikiteleza na kugusa bodi hakutakuwa na shoti.

Halafu fuata ethi. Huu ni waya mnene, mara nyingi wa kusukwa, unaounganisha betri na chesisi, na mwingine unaounganisha chesisi na injini au gia boksi. Land Rover ina tabia yake hapa. Bodi yake ni ya aluminiamu na chesisi yake ni ya chuma. Aluminiamu na chuma vikikutana penye unyevu, huliana taratibu. Boliti inaweza kuonekana imekaza, kumbe chini yake kuna ukungu unaozuia umeme. Kwa hiyo kuikaza zaidi hakusaidii. Ifungue, piga msasa pande zote mbili, ifunge upya. Taa zinazowaka hafifu upande mmoja, au indiketa inayowasha taa nyingine isiyohusika, mara nyingi hutokana na ethi mbovu.

Mwenye mita ndogo ya umeme ana faida kubwa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takribani 12.6. Ikisoma karibu na 12.0, imekaribia kuisha. Stata inapozungusha, isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Injini ikishawaka, isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, betri haichajiwi, na hata betri mpya itakufa baada ya siku chache. Familia nyingi hununua betri ya pili kwa kosa ambalo si la betri.

Kwa betri ya kuongezwa maji, tumia maji ya betri tu. Maji ya bomba, ya kisima au ya lambo yana chumvichumvi zinazoiua mapema.

Rangi za nyaya zina maana

Ukifungua boneti ya Land Rover ya zamani unaweza kudhani umeona kiota. Lakini nyaya zake za awali zilifuata mpangilio wa rangi uliotumika kwenye magari ya Uingereza, na kuujua kunapunguza hofu.

Kahawia hutoka kwenye betri na una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Mweupe hupata umeme ufunguo ukifunguliwa, nao ndio unaokwenda kwenye koili ya injini ya petroli. Kijani ni umeme wa ufunguo uliopita kwenye fyuzi. Zambarau ni umeme wa muda wote uliopita kwenye fyuzi, kama wa honi. Mweupe wenye mstari mwekundu hupeleka amri ya kupiga stata. Buluu ni wa taa kubwa, mwekundu ni wa taa ndogo, na mweusi ni ethi.

Tatizo ni kwamba baada ya miaka 40 au 50 mafundi wengi wamepita hapo. Mmoja ameweka waya wa redio, mwingine waya wa spika, na viungo vimesokotwa kwa vidole na kufungwa soltepu. Joto la injini huifanya soltepu ilegee, vumbi jekundu likaingia, mvua ikamalizia. Panya nao, hasa gari likiegeshwa karibu na ghala la mahindi, hutafuna ganda la plastiki na kuacha shaba wazi.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba magari haya yana fyuzi chache sana. Baadhi ya nyaya zake kubwa, ukiwamo ule wa kahawia, hazikupitishwa kwenye fyuzi tangu kiwandani. Waya kama huo ukigusa bodi, hakuna kitakachokatika ili kuuokoa. Utapata moto, utaunguza wenzake, na gari lenye petroli linaweza kuteketea. Ukinusa harufu ya plastiki inayoungua, zima injini, toa watu wote kwanza, watoto wakiwa wa mwanzo, kisha fungua waya wa betri kama bado inawezekana bila kujihatarisha. Ni vizuri pia kumwomba fundi aweke fyuzi kubwa karibu na betri kwa nyaya zote isipokuwa ule mnene wa stata, na aweke swichi ya kukatia betri. Vitu hivi viwili ni gharama ndogo ukilinganisha na gari zima.

Kwa wenye magari ya zamani zaidi kuna tahadhari nyingine. Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ziliungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Zingine zimeshabadilishwa, zingine bado. Kabla ya kubadilisha betri au kubusti, angalia ni upande gani ulioungwa kwenye chesisi, kisha andika kwa rangi ndani ya boneti.

Asubuhi ya ukungu

Uwandani, asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi na ukungu. Gari la petroli lililolala nje linaweza kugoma kwa sababu ya unyevu tu. Ufunguo ukiwa umezimwa, toa kifuniko cha distribyuta, kipanguse ndani kwa kitambaa kikavu, na kausha nyaya nene zinazokwenda kwenye plagi. Ndani yake kuna platini, yaani vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikiungua au nafasi yake ikibadilika, cheche hudhoofika. Kuvisafisha ni kazi ya dakika kumi kwa fundi anayeyajua magari haya.

Dizeli haina cheche. Ina plagi za kupashia joto, na kwenye injini nyingi za Land Rover za lita 2.25 plagi hizo nne zimeungwa kwa kufuatana, kama taa za mapambo ya sherehe: moja ikifa, zote zinakosa umeme. Kwa hiyo gari linaloamka vizuri mchana na kugoma alfajiri huenda linadai plagi moja tu.

Njia za mkato zinazojeruhi

Kupiga stata kwa kuunganisha solenoidi kwa bisibisi au spana kumezoeleka. Hatari yake kubwa ni gia. Gari likiwa kwenye gia linaruka mbele, na aliyeinama kando ya gurudumu ndiye wa kwanza kuumia. Ikibidi fundi afanye hivyo, watoto wasiwe karibu na mtu mzima akae kwenye usukani, mguu ukiwa kwenye breki na gia huru.

Kuweka waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi iliyoungua ni kukaribisha moto. Fyuzi haiungui bure, imekuambia kuna shoti mahali.

Kumwagia petroli kwenye kabureta kutoka kwenye chupa, injini ikizungushwa, kumewaacha watu na makovu usoni. Petroli iliyobaki kwenye chupa ya soda nayo ni hatari ya pili. Mtoto akiinywa, msimtapishe, kwa sababu inaweza kuingia kwenye mapafu. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa.

Kusukuma gari huwaangusha watu wengi, hasa penye mteremko. Wasukumaji wawe nyuma, wasiwe watoto, na dereva awe na breki anayoiamini.

Land Rover za zamani zina pia tundu la hendeli mbele. Ni msaada mzuri kwa anayejua, lakini injini ikirudi nyuma ghafla huvunja mkono. Hata madaktari wa mifupa wana jina la mvunjiko fulani wa kifundo cha mkono linalotokana na madereva wa enzi za hendeli. Gia iwe huru, vuta kuelekea juu badala ya kukandamiza chini, na kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine.

Wakati wa kubusti, magari mawili yasigusane. Kwa gari lenye upande hasi kwenye bodi, unga chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho iunge kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Kwa sababu hiyohiyo usichungulie maji ya betri kwa kiberiti, kibatari au sigara mdomoni. Gari lenye chanya kwenye bodi lisibustiwe na gari la kisasa bila fundi.

Mwisho, usiache injini ikinguruma ndani ya banda ukitafuta kosa. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua kimyakimya. Abiria wa nyuma wakilalamika kuumwa kichwa na kichefuchefu kila safari, kagua ekzosi kabla ya kuwapa dawa.

Asidi, risasi na watoto

Asidi ya betri ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na mwagia maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Ikiingia machoni, fanya hivyohivyo ukishikilia kope zikiwa wazi, kisha nenda kituo cha afya hata kama maumivu yamepungua. Usipake dawa ya meno, mafuta, asali wala magadi. Uwandani, ambako ndoo ya maji ina thamani yake, dumu lililojaa liwekwe pembeni kabla kazi ya betri haijaanza.

Risasi iliyo ndani ya betri haionyeshi madhara siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto huathirika zaidi, kwa sababu huharibu ubongo unaokua. Kwa hiyo betri kuukuu isiwe kigoda wala kitu cha kuchezea. Usiivunje, usimwage asidi yake karibu na nyumba, na usiyeyushe risasi yake kwenye sufuria ili kupata vizito vya nyavu. Irudishe kwa muuza betri au mnunuzi wa betri chakavu. Anayeshika betri anawe mikono kwa sabuni na abadilishe shati kabla ya kumbeba mtoto au kula.

Msimu wa korosho, msimu wa matengenezo

Fedha nyingi za familia za Newala na Masasi huingia kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza kupitia vyama vikuu kama TANECU na MAMCU. Mvua nazo hufuata muda si mrefu. Huo ndio wakati wa kumwita fundi wa umeme: aondoe viungo vya soltepu, afunike nyaya kwa mpira, apitishe mpira wa kuzuia mkwaruzo kila waya unapopenya bati, na apime kuchaji. Gari lisilotembea mara kwa mara liwashwe na liendeshwe walau nusu saa kila wiki. Kuliwasha dakika mbili na kulizima kunamaliza betri badala ya kuijaza. Kuwe na kisanduku chenye spana ya betri, msasa, fyuzi za ukubwa uleule wa awali, tochi na nyaya za kubustia.

Hata hivyo, gari la nyumbani lisiwe tegemeo pekee. Serikali ilizindua mfumo wa m-mama kwa nchi nzima Aprili 2022. Kwa kupiga namba 115 bila malipo, mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura hutafutiwa gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kwa moto, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Namba zote mbili ziwe kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba.

Na kama kuna mgonjwa mahututi, gari lipewe dakika tano tu. Taa zikaguliwe, vichwa vya betri vitikiswe na kukazwa, ufunguo ujaribiwe mara mbili au tatu. Likikataa, funga boneti, piga simu, amsha jirani mwenye gari au pikipiki. Gari litasubiri mpaka kukuche.